Vita Viliishaje? Kupanga Hadithi ya Filamu kwa Visa vya Mbulu na Hanang

Mwishoni mwa mwaka 1960 mwongozaji wa Hollywood, Howard Hawks, alitua kaskazini mwa Tanganyika akiwa na mwigizaji John Wayne, magari, kamera na kikosi kizima cha watu wa filamu. Kitu kimoja tu hakikuwa tayari: skripti. Filamu yenyewe, iliyotoka mwaka 1962 kwa jina la *Hatari!*, ilihusu watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama, na hakuna mwandishi awezaye kumpangia kifaru saa ya kutoka kichakani. Basi zikapigwa kwanza picha za mbio, waigizaji wenyewe wakiwa juu ya magari, huku mwandishi Leigh Brackett akitunga visa na maongezi kufuatana na kilichopatikana porini.

Kwa hesabu ya kawaida, kazi ya namna hiyo ilipaswa kuwa fujo. Haikuwa. Katika dakika za mwanzo kabisa kifaru anamjeruhi mmoja wa wakamataji na kuponyoka. Yanayofuata ni mengi na yamelegea: twiga, pundamilia, mapenzi, utani wa jioni, ndama wa tembo wanaomfuata mwanamke kila aendako. Lakini yule kifaru bado yuko nje, na mtazamaji anajua kwamba orodha ya wanyama haijakamilika mpaka apatikane. Anapatikana karibu na mwisho. Filamu inakwenda zaidi ya saa mbili na nusu, na kinachoizuia isisambaratike ni swali hilo moja. Hawks hakuwa na skripti. Muundo alikuwa nao.

Hapo ndipo wengi wanaojifunza kuandika filamu hukosea njia. Hudhani muundo ni wingi wa matukio, au mpangilio wake kufuata kalenda: hiki kilitangulia, kile kikafuata. Kwa mtu wa Mbulu au Hanang, wilaya za kaskazini mwa Tanzania, kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa kuwa matukio yamejaa tele. Kuna masimulizi ya kuhama ya Wairaqw, ardhi ya Wabarabaig iliyogeuzwa mashamba ya ngano, Wahadzabe wa bonde la Yaeda, na Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400 unaoonekana kutoka kila upande. Ukiyamwaga yote hayo katika filamu moja, unapata maonyesho ya utamaduni yenye wahusika wanaopita tu.

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliliona tatizo hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alitaka mchezo uwe na mwanzo, kati na mwisho, jambo ambalo kila mwalimu wa fasihi hulirudia. Kisichorudiwa sana ni sharti lake la pili, ambalo ndilo gumu: tukio litokee kwa sababu ya lililolitangulia, si baada yake tu. Baba akifa, halafu mtoto akafukuzwa shule, halafu mvua ikanyesha, hapo hakuna msuko. Mtoto akifukuzwa shule kwa sababu baba aliyekuwa akilipa ada amekufa, na kwa hiyo akaingia kazi ambayo marehemu alimkataza, msuko umeanza.

Mmarekani Syd Field ndiye aliyeyageuza haya kuwa vipimo vya kurasa, katika kitabu chake cha mwaka 1979, *Screenplay*. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa utaratibu wa kawaida hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Robo ya kwanza humtambulisha mhusika na kumwingiza matatani, nusu nzima ya katikati humbana, robo ya mwisho huamua. Mwisho wa robo ya kwanza na mwisho wa ile nusu ya kati huwa na tukio linaloigeuza hadithi njia. Vipimo hivi vimelaumiwa kwa kuzifanya filamu zifanane, na lawama hiyo ina ukweli. Hata hivyo, anayeanza atapungukiwa kidogo zaidi kwa kuvijua kuliko atakavyopungukiwa kwa kutovijua.

Bongo Movie, yaani filamu za Tanzania, ilikuwa na vipimo vyake, vya biashara. Katika miaka ya neema ya diski, hadithi moja ilikatwa vipande viwili ikauzwa kama sehemu ya kwanza na ya pili, kwa bei ya mara mbili. Wengi walirekodi kwa kufuata orodha ya sini tu, mwigizaji akijitungia maneno mbele ya kamera. Vipaji vilikuwepo, na mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, hakuhitaji karatasi ili amlize mtazamaji. Kilichoumia ni sehemu ya kati. Gari linaegeshwa, mlango unafunguliwa, watu wanasalimiana, wanakaribishwa soda, na dakika nne zimekwisha bila mtu kutaka chochote. Biashara ilidai urefu, hadithi ikalipa.

Sasa kisa kimoja cha Mbulu kichukuliwe na kuchambuliwa kama mwandishi wa filamu anavyopaswa kufanya.

Katika masimulizi yao ya kuhama, Wairaqw humtaja Haymu Tipe, kiongozi wa kale kabisa anayekumbukwa, aliyewatawala watu wake mahali paitwapo Ma'angwatay. Kundi la vijana likakosana naye katika mambo ya utawala. Likamchukua mwanawe, Gemakw Lach, likamficha msituni. Ilipobainika kwamba kijana yu hai, Haymu Tipe akatakiwa alete wapiganaji wake wapambane na vijana hao. Baada ya mapambano, yeye, mwanawe na waliosalia wa ukoo wake wakakimbilia kaskazini mpaka Guser-Twalay. Huko Gemakw Lach akaugua, akafa. Baba akaendelea na safari pamoja na walinzi wake, naye akaugua akafia Qawirang, katika msitu ulio magharibi ya Ziwa Babati. Wairaqw hatimaye wakafika Irqwar Da'aw, nyanda za juu za Kainam ambazo mpaka leo huhesabiwa kuwa kitovu chao.

Ukikiandika kisa hiki kama kilivyo, filamu itakufa kwenye theluthi ya mwisho. Vifo viwili vya maradhi vinafuatana, na maradhi si uamuzi wa mtu. Mtazamaji atasikitika, lakini hatakuwa na la kusubiri.

Ila msimulizi wa kale ameacha pengo, na pengo hilo ni zawadi. Masimulizi hayasemi nani alishinda. Mwandishi makini atayauliza maswali mawili papo hapo. Kama Haymu Tipe alishinda, mbona alikimbia? Na kama alishindwa, mwanawe alimpataje? Baba na mwana wako pamoja katika safari ya kaskazini. Kwa hiyo ama kijana aliokolewa katika vita ambavyo baba hata hivyo hakuweza kubaki baada yavyo, ama waliomteka walimwachia, ama alitoka msituni kwa miguu yake mwenyewe. Kila jibu linadai skripti tofauti. Katika la kwanza kilele ni mapigano na gharama yake: mzee amepata mtoto mmoja kwa damu ya watoto wa watu wake, na hawezi tena kuishi kati ya mama zao. Katika la pili kilele ni mazungumzo, pengine ya usiku mmoja. La tatu ndilo lenye utajiri kuliko yote, kwani linamgeuza Gemakw Lach kutoka mzigo unaogombaniwa hadi mtu mwenye kauli.

Chukua hilo la tatu. Ikiwa mhusika mkuu ni kijana, ile nusu ya katikati inayowashinda waandishi wengi inajaa yenyewe. Yuko na watekaji wake, rika lake. Anakula nao, anasikia malalamiko yao dhidi ya baba yake, na baadhi ya malalamiko hayo anayaona ni ya haki. Anachokitaka mwanzoni ni kurudi nyumbani. Kufikia katikati hana hakika tena kama anataka. Kwa filamu ya dakika tisini, atekwe kabla ya ukurasa wa kumi na tano. Habari kwamba yu hai imfikie baba katikati, karibu na ukurasa wa arobaini na tano:

NDANI. TEMBE LA HAYMU TIPE. USIKU.

Moto unakaribia kuzimika. Haymu Tipe ameketi. MJUMBE, kijana, amesimama mlangoni, hajakaribishwa kukaa.

MJUMBE
Mwanao yu hai.

Haymu Tipe hainui uso. Anasogeza ukuni mmoja.

HAYMU TIPE
Anakula nini?

MJUMBE
Wanachokula wenzake.

Mkono wa Haymu Tipe unasimama juu ya moto.

Sini hii ni ya kubuni, na haina hata mstari unaoeleza hisia za mtu. Skripti huandika kinachoonekana na kinachosikika. "Anahuzunika" haipigwi picha, mkono unaosimama hupigwa. Jibu la mwisho la mjumbe linafanya kazi mbili kwa pumzi moja: linampa baba habari njema na kumtisha, maana mateka aliye na wenzake si mateka tena. Kuanzia hapo vita havipiganwi kumwokoa Gemakw Lach tu. Vinapiganwa kumwahi. Na kifo cha Guser-Twalay, ambacho katika mpangilio wa kalenda kilikuwa bahati mbaya, sasa kinakuja baada ya kijana kuchagua upande, na baba anabaki na swali ambalo hakupata kumuuliza.

Mtu atasema huko ni kuichezea historia ya wazee. Hoja hiyo si ndogo, na mwandishi asiipuuze: atangaze wazi kwamba ametunga, na mahali masimulizi yaliposema jambo, alifuate. Riwaya nazo hupitia makato kama hayo. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, ina watu na mizunguko mingi. Filamu iliyotokana nayo, ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, ina kama saa moja na nusu, ikawaweka wahusika wawili, Denge na Yasmini, katikati ya picha.

Hanang kuna kisa cha aina nyingine, chenye nyaraka. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960 mradi wa ngano uliosaidiwa na Kanada ulifunguliwa katika tambarare za Basotu, na mashamba ya shirika la umma la NAFCO yakafikia takriban ekari 100,000. Nyingi zilikuwa malisho ya Wabarabaig. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 walifungua kesi mwaka 1981. Mahakama Kuu, Arusha, ikawapa haki. NAFCO ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Moja ya sababu zake ilikuwa kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana iliyowekwa na sheria ya ardhi ya wakati huo.

Mwandishi mvivu ataweka hotuba mahakamani. Muundo wenyewe umeshatoa kitu kikali kuliko hotuba. Hukumu ya Arusha ikae katikati ya filamu, wakati wa shangwe, ng'ombe wakirudishwa malishoni, ili rufaa ije ikiwa watu wana kitu cha kupoteza. Na mzee wa Kibarabaig asimame kizimbani akiulizwa, kwa adabu zote za kisheria, athibitishe kwamba ni mwenyeji wa mahali alipozikwa babu yake. Hapo hahitaji kusema mengi. Mhusika mkuu awe mmoja kati ya wale wote. Filamu yenye wadai 67 haina mdai hata mmoja ambaye mtazamaji atamkumbuka akifika nyumbani.

Kuhusu maporomoko ya alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani na kuua zaidi ya watu 80, tahadhari inahitajika mara mbili. Ya kwanza ni ya utu: wafiwa wapo, na majina yao si mali ya skripti. Ya pili ni ya kiufundi. Janga hufaa kuanzisha hadithi na halifai kuimaliza, kwa kuwa mlima hauna nia. Filamu inayoishia kwa tope kuwafunika waovu imekimbia kazi yake. Ile inayoanza saa moja baada ya tope, mtu mmoja akimtafuta mwingine aliyeagana naye kwa ugomvi usiku uliopita, imepata swali la kuibeba hadi mwisho.

Anayekusudia kurekodi akumbuke kwamba Tanzania inayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na kibali cha Bodi ya Filamu hutangulia kamera. Lakini kabla ya bodi kuna wazee. Kijana wa Dongobesh, Haydom au Katesh mwenye nia ya kuandika kisa cha Ma'angwatay apande Kainam, akae na wanaokifahamu, aombe ruhusa, awaulize vita viliishaje. Wasipokubaliana, aandike majibu yote pamoja na jina la kila aliyeyatoa, kisha achague moja na kulisimamia mpaka ukurasa wa mwisho.