Mtu aliyeitwa Tan

Soma sentensi hizi mbili: Petro alimpiga Yosefu. Petro alipigwa na Yosefu. Majina ni yale yale, na Petro ametangulia mara zote mbili. Lakini katika ya kwanza Petro ndiye mwenye kosa, na katika ya pili ndiye anayelia. Herufi w na neno dogo "na" zimegeuza mambo yote. Hata mtoto asiyejua kusoma huyatambua hayo kwa sikio, upesi. Kazi hiyo hufanywa na ubongo.

Karibu na mji wa Paris, katika Ufaransa, palikuwa na hospitali iitwayo Bicêtre. Mwaka 1840 alipelekwa humo mtu wa miaka kama thelathini aliyepotewa na usemi. Kila alipoulizwa jambo alijibu "tan, tan", basi. Ndiyo sababu watu walimwita Tan. Wagonjwa wenzake hawakumpenda, walisema ana hasira na wizi. Baada ya miaka mkono wake wa kuume ulipooza, kisha na mguu.

Mwezi wa Aprili 1861 mguu ule ulianza kuoza, akaletwa kwa mganga Paul Broca. Broca akamwuliza: "Umekaa hapa miaka mingapi?" Tan akafungua vidole vya mkono mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Tano mara nne ni ishirini, na kimoja: miaka 21. Kweli kabisa! Kesho yake akaulizwa tena, akajibu vile vile. Mara ya tatu akatambua kwamba anajaribiwa tu, akakasirika. Nani angesema kwamba mtu huyo ni mjinga? Alisikia karibu yote aliyoambiwa. Kujibu kwa kinywa ndiko kulikomshinda.

Tan alikufa tarehe 17 Aprili. Broca alipoutazama ubongo wake aliona tundu upande wa kushoto, mbele, lenye kuenea yai la kuku. (Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotawala mkono na mguu wa kuume.) Ubongo huo umetunzwa Paris hata leo.

Watu wengine walioumia mahali hapo husema kidogo, kwa shida: "Mama... soko... samaki." Je, mama amenunua samaki au amewauza? Jana au kesho? Majina yapo, viungo vyake havipo. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Caramazza na Zurif, walionyesha kwamba hata katika kusikia viungo hivyo huwapotea. Wakiambiwa juu ya tunda lililoliwa na mtoto, wanaelewa, maana tunda haliwezi kumla mtoto. Lakini wakiambiwa mambo ya Petro na Yosefu, ambao kila mmoja aweza kumpiga mwenzake, wanabahatisha tu.

Walioumia upande huo wa kushoto, lakini nyuma zaidi, wana taabu nyingine. Mwaka 1874 mganga Mdachi, Carl Wernicke, aliandika habari zao: husema mbio bila kukwama, lakini maneno yao hayana maana, nao hawaelewi wanayoambiwa.

Na jambo moja la ajabu: wagonjwa wengine wa namna ya Tan, wasioweza kutunga sentensi moja, huweza kuimba wimbo wa zamani pamoja na maneno yake.