Ufadhili wa masomo hauuzwi

Wazazi wa Ipagala, je, mtoto wa mkulima anaweza kusoma chuo kikuu Marekani? Anaweza.

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, nchini Kenya. Siku moja kaka yake aliuliza: mbona Wangari haendi shule? Mama yao akampeleka. Wangari akasoma kwa bidii, akafaulu. Mwaka 1960 alikwenda Marekani kwa msaada wa wafadhili. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi yake, pamoja na kupanda miti.

Hata leo baadhi ya vyuo vya Marekani husaidia wageni waliofaulu sana. Lakini nafasi ni chache. Chuo hutazama alama za miaka yote ya sekondari, si za mtihani wa mwisho tu. Hutazama pia Kiingereza. Ufadhili mwingine hulipa ada tu. Nauli na chakula hujitafutia. Someni barua yote. Na mtu akitaka kukuuzia nafasi, huyo ni tapeli.

Basi tusimtoe mtoto shuleni akachunge ng'ombe. Alama za leo ndiyo nauli ya kesho.