Kadi Unayo, Jina Halipo

Tarehe 27 Novemba 2024 niliamka mapema geto, Isevya, nikachukua kadi yangu ya mpiga kura nikaenda kituoni. Nikapitisha kidole kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jina halipo. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, na tangu siku ile nimegundua kuwa washkaji wengi chuoni wangelifanya vilevile. Basi tuelezane.

Tunazo chaguzi mbili, na kila moja ina orodha yake. Ya kwanza ni ya serikali za mitaa. Mjini tunachagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake. Vijijini wanachagua viongozi wa kijiji na kitongoji. Inasimamiwa na TAMISEMI, na kawaida huja mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu: 2014, 2019, 2024. Orodha yake huandikwa upya hapohapo mtaani. Safari ile zilikuwa siku kumi tu, 11 hadi 20 Oktoba. Mimi nilizikalia nikidhani kadi inatosha.

Kadi ni ya uchaguzi wa pili, ule wa rais, mbunge na diwani, chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Hapo ndipo Daftari la Kudumu linapotumika. Manispaa ya Tabora ina kata 29, na kila kata inatoa diwani mmoja kwa miaka mitano. Wanaongezeka madiwani wanawake wa viti maalumu, na mbunge naye ni mjumbe. Meya humpigii kura wewe: madiwani wanamchagua mwenzao mmoja. Naibu meya huchaguliwa kila mwaka. Mkurugenzi hagombei popote. Anateuliwa na Rais.

Utasema, mimi mpita njia, inanihusu nini? Ukitaka barua ya utambulisho, unaanzia serikali ya mtaa. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, inapita kwenye bajeti ya madiwani.

Halafu mji huu una historia na wapita njia. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na mtemi wa hapa hakuwa na muhula wa miaka mitano. Lakini karibu na 1860, Mnywa Sere alipogombana na wafanyabiashara wa Kiarabu juu ya ushuru, walisaidia kumwondoa na kumweka Mkasiwa. Wageni wale walikuwa na sauti kwa sababu walikuwa na bunduki. Mwananchi wa kawaida alibaki mtazamaji.

Leo mgeni aliyehamia mtaani ana sauti kwa njia nyepesi zaidi: awe Mtanzania, afikishe miaka 18, awe mkazi, aandikwe jina. Bunduki haitakiwi, dakika chache tu za kwenda kuandikishwa.

Uchaguzi ujao wa mitaa unatarajiwa 2029. Wengi wetu tutakuwa tumeshahama Tabora, tumepanga kwingine. Popote utakapokuwa, ukisikia uandikishaji umeanza, usiseme kadi ninayo. Nenda ukaandikwe.