Ekzosi ya Inchi Ngapi?

Wanangu, hadithi ya leo inaanza na tundu lenye kipenyo cha milimita 34. Chukueni rula mlichore kwenye daftari. Si kubwa, sivyo? Basi tundu hilo liliwahi kuiangusha timu nzima ya mashindano ya dunia.

Mwaka 1995 magari ya rali yalikuwa na turbo, na wasimamizi wa mchezo, yaani FIA, waliona nguvu zake zinahitaji kufungwa gavana. Wakaamuru hewa yote inayovutwa na turbo ipitie kwenye kipete chenye tundu la milimita 34. Hewa ina ukomo wake: ikishafika kasi ya sauti ndani ya tundu, hata uivute kwa nguvu gani haiongezeki tena. Kwa hiyo magari yote yakakomea kwenye nguvu farasi 300 na kidogo.

Timu ya Toyota ikaja na ujanja. Kipete chake kilipofunguliwa na kukaguliwa kilionekana halali kabisa. Kikishafungwa kwenye gari, kilisogea milimita chache tu, na hewa ya ziada ikapenya pembeni bila kupita kwenye tundu. Ukikifungua tena, springi zinakirudisha mahali pake kama hakuna kilichotokea. Katika rali ya Catalunya, Uhispania, wakaguzi waligundua. Toyota ilinyang'anywa pointi zake zote za mwaka huo na kufungiwa miezi 12. Hata rais wa FIA, Max Mosley, alikiri hadharani kwamba kifaa chenyewe kilikuwa cha kistadi mno.

Sasa jiulizeni: wahandisi waliosoma wakabobea wahatarishe jina lao kwa ajili ya kijinafasi cha milimita chache, kwa nini? Kwa sababu walijua kwamba kwenye njia ya hewa, sehemu nyembamba kuliko zote ndiyo inayotawala. Mahali pengine pote pawe papana upendavyo, hapo ndipo amri inapotoka.

Miaka miwili baadaye, 1997, Colin McRae wa Uskoti alishinda Safari Rally hapa Kenya kwa Subaru Impreza, naye gari lake lilipumua kupitia milimita 34 zilezile. Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, aliendesha Subaru katika Safari miaka hiyo hiyo ya tisini. Tangu hapo mapenzi ya Subaru hayajatutoka, na swali ambalo vijana huuliza kila wakifika gereji ni hili: ekzosi niweke ya inchi ngapi?

Kabla ya inchi, tuielewe turbo. Petroli ikiungua ndani ya silinda, gesi hutoka na joto linaloweza kuzidi nyuzi 800. Zamani gesi hiyo ilitupwa tu. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliona ni upotevu, na mwaka 1905 akasajili hataza ya wazo lake: gesi ile izungushe gurudumu lenye mapanga, gurudumu hilo lizungushe lingine lililo kwenye mhimili uleule, na hilo la pili lisukume hewa safi irudi ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo huongezwa, na nguvu hupanda. Magurudumu hayo ni madogo, yanatosha kiganjani, lakini huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Kinachozungusha gurudumu lile linalopigwa na gesi ya moto ni tofauti ya presha. Mbele yake presha ni kubwa, nyuma yake ni ndogo, ndiyo maana gesi inakimbilia huko. Ukiweka bomba jembamba nyuma ya turbo, gesi inasongamana, presha ya nyuma inapanda, tofauti inapungua, na turbo inachelewa kuamka. Dereva anakanyaga mafuta, gari linafikiria kwanza.

Hebu tuone gesi yenyewe ni kiasi gani. Injini ya lita 2 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta hewa yake kamili mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani lita 6,000 kwa dakika. Turbo ikiongeza presha ya bar 1, hewa hiyo inakaribia kuwa maradufu: lita 12,000. Kisha kuna joto. Gesi inayotoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 600 hivi imetanuka karibu mara tatu, kwa hiyo tunazungumzia lita 36,000 kwa dakika, au lita 600 kila sekunde. Lile tangi jeusi la maji juu ya paa, la lita 500, lingejaa na kufurika kabla hujamaliza kusema "moja". Yote hayo yapite kwenye bomba moja chini ya gari.

Mtasikia mtu mzima akisema injini lazima ibanwe kidogo kwa nyuma, la sivyo itakosa nguvu. Usemi huo umetoka kwenye magari yasiyo na turbo, na hata huko umesemwa vibaya. Katika injini ya kawaida gesi hutoka kwa vishindo, kishindo kimoja kwa kila silinda, na kila kishindo kikikimbia huacha mvuto nyuma yake unaosaidia kuitoa gesi inayofuata. Bomba likiwa pana mno, gesi hupoteza mwendo, mvuto hufifia, na gari linalegea kwenye mizunguko ya chini. Injini hiyo inahitaji mwendo wa gesi, haihitaji kubanwa. Kwenye gari la turbo, mapanga yamekwisha kuvivunja vishindo vile. Nyuma ya turbo hakuna mvuto wa kulinda, kwa hiyo bomba pana halikunyimi nguvu.

Pana kiasi gani? Mafundi wana kanuni ya makadirio ambayo mwanafunzi yeyote anayejua eneo la duara anaweza kuitumia: kila inchi moja ya mraba ya uwazi wa bomba huhudumia nguvu farasi 50 hivi. Bomba la inchi 2 lina inchi za mraba 3.14, basi linatosha nguvu farasi 157. La inchi 2.5 lina 4.9, linafika 245. La inchi 3 lina 7.07, linapita 350. Mmeona? Kutoka inchi 2 hadi 3 ni ongezeko la inchi moja tu, lakini uwazi umezidi maradufu, kwa sababu eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Kumbukeni pia kwamba bomba hupimwa kwa nje dukani. Bati la unene wa milimita 1.5 linakula milimita 3 za kipenyo cha ndani.

Tulete magari yenyewe. Impreza WRX ya kwanza, ya mwaka 1992, ilitoka kiwandani na nguvu farasi 240. Gawanya kwa 50, upate inchi za mraba 4.8: bomba la inchi 2.5 linakaa ukingoni kabisa. Toleo la STI lilipanda hadi 280. (Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya hapo, yaliyodumu hadi 2004.) Hapo unahitaji inchi za mraba 5.6, na inchi 2.5 hazitoshi, ndipo inchi 3 inapopata sababu. Je, Impreza ya lita 1.5 isiyo na turbo, yenye nguvu farasi 100 hivi? Inchi 1.6 za kipenyo zinaitosha. Anayeifungia bomba la inchi 3 ananunua kelele.

Na kelele yenyewe hawaijui inakotoka! Ule mngurumo wa Subaru wa kukatikakatika hautokani na unene wa ekzosi. Injini yake ni boksa, pistoni zimelala pande mbili, na katika injini za zamani za turbo gesi ya upande mmoja husafiri njia ndefu kuliko ya upande wa pili kabla ya kukutana. Vishindo hufika bila mpangilio sawa, nasi tunausikia mngurumo. Injini ya FA20 iliyowekwa kwenye WRX mwaka 2014 ilisawazisha njia hizo, na mngurumo ukafifia.

Sasa rudini kwenye sehemu nyembamba. Nimeona magari mengi yenye mdomo wa ekzosi mpana unaong'aa, na nyuma ya mdomo huo bomba la inchi 2 lililobonyea kwenye kona. Mdomo ule ni pambo. Ukitaka kutumia fedha kwa akili, anza na bomba linaloshuka moja kwa moja kutoka kwenye turbo, maana hapo gesi ni ya moto zaidi na inakwenda kasi zaidi. Kona nazo zitazameni. Mashine ikilikunja bomba likabonyea, inchi 3 inaweza kuwa 2.5 pale kwenye kona. Fundi wa jua kali anayejaza mchanga mkavu ndani ya bomba kabla ya kulipasha moto na kulikunja anajua kazi yake, mtafuteni huyo.

Kuna hatari moja ambayo lazima niwaambie. Turbo ina mlango mdogo wa pembeni, westigeti, unaopitisha gesi nje ya mapanga presha ikitosha. Ukifungua njia yote ya nyuma ghafla, turbo inazunguka kwa wepesi mpya, na mlango ule unaweza kuzidiwa. Presha inapanda kupita kiwango, petroli haitoshi tena, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inapasuka. Kwa hiyo bomba kubwa linakwenda pamoja na geji ya presha na kompyuta ya gari iliyopangwa upya na mtu anayeifahamu. Bila hayo, usiguse.

Wengine hung'oa katalisti, lile kopo linalosafisha moshi, ili gesi ipite bure. Hilo silikubali. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na wanaoivuta ni abiria na wapita njia. Sailensa nayo ibaki: Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009. Tena bomba nene hushuka chini, na matuta ya barabara zetu hayasamehi.

Basi ukienda gereji, taja kwanza nguvu farasi za gari lako, inchi baadaye. WRX ya kiwandani ikae na 2.5, STI au gari lililoongezwa nguvu liende 3, na Impreza isiyo na turbo iachwe na ekzosi yake ya kiwandani. Fedha zilizobaki nunulia tairi nzuri na breki.