Ukienda Unguja, Muulize Mwezi Kwanza

Kila mwaka mambo ni yale yale. Bumu likishatoka, kundi la WhatsApp la darasa linachangamka, mtu anaandika "wanangu, twendeni Zanzibar", na ndani ya siku mbili kuna orodha ya majina, bei ya boti na picha ya maji ya rangi ya feruzi. Kinachokosekana kwenye orodha hiyo ni swali moja tu: siku hiyo bahari itakuwa wapi, na saa ngapi?

Usicheke. Wengi wetu tumetoka bara. Mimi natoka Saza, kule wilaya ya Songwe, kwenye machimbo ya dhahabu. Kwetu maji yana tabia moja: mvua ikinyesha, Mto Songwe unajaa na kuteremka kwenda Ziwa Rukwa; mvua ikikata, unapungua. Hakuna maji yanayoondoka asubuhi na kurudi jioni kama mtu aliyekwenda kazini. Bahari ndivyo ilivyo, na karibu kila kitu ambacho mgeni anakwenda kukifanya kisiwani kinafuata ratiba hiyo. Ukiijua, safari ya siku 2 inatosha. Usipoijua, unaweza kutumia nauli ya basi la zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma hadi Dar, ukavuka kwa boti, kisha ukafika Paje na kukuta mchanga na majani ya bahari mpaka upeo wa macho.

Basi tuanze na ratiba yenyewe.

Maji kujaa na maji kupwa

Kwenye pwani yetu maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama masaa 6 na dakika chache. Kila siku ratiba inasogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi nao unachelewa kwa kiasi hicho kila siku. Ndiyo maana mtu aliyekwenda wiki jana akakuambia "maji yanajaa saa nane mchana" hajakudanganya, ila taarifa yake imeshapitwa na wakati.

Jambo la pili ni ukubwa wa mwendo huo. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huita bamvua. Unguja, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hufika mita 4 hivi. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, na tofauti inashuka hadi kama mita 1. Hayo huitwa maji mafu.

Huhitaji programu ya simu kujua hili. Chukua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Siku za mwanzo wa mwezi na zile za kuanzia 14 hadi 17 ni za bamvua. Karibu na tarehe 7 hadi 9, na 21 hadi 23, ni maji mafu. Halafu kumbuka kanuni moja ya Unguja: siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ya saa 4 ndiyo yamejaa, jioni yamepungua. Si kipimo cha maabara, lakini kwa kupanga safari kinatosha. Ukifika, muulize mvuvi yeyote, atakusahihisha kwa dakika.

Jambo la tatu ndilo linalowaponza wageni. Maji hayajai kwa kasi moja. Gawa mwendo mzima mafungu 12. Saa ya kwanza linaingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Wakati wa bamvua la mita 4, saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 33 tu. Mtu yuko mbali kwenye mwamba anapiga picha, anaona miguu imelowa kidogo, anasema "bado". Saa ya pili zinaongezeka sentimita 67. Saa ya tatu inaongezeka mita nzima. Yaani baada ya masaa 3, pale uliposimama pakavu pana mita 2 za maji. Na mara nyingi kati yako na ufukwe kuna mifereji ambayo imeshajaa kabla hujageuka. Kwa hiyo ukitembea mwambani, ondoka ufukweni kabla maji hayajamaliza kukupwa, na yakianza tu kugeuka na wewe geuka.

Kipi kifanywe lini

Sasa tunaweza kupanga kwa akili.

Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe, imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufukwe. Maji yakikupwa, eneo la katikati hubaki wazi. Kwa anayetaka kuogelea hiyo ni hasara. Kwa anayetaka kujifunza ni darasa la bure: ndipo utawaona kina mama kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza Unguja mwaka 1989, na wengine wakichokoa pweza kwenye mashimo ya mawe. Hapo nenda na bamvua, asubuhi, ukiwa na viatu vya kuzuia matumbawe na wale wadudu weusi wenye miiba kama nungunungu. Na omba ruhusa. Lile ni shamba la mtu, kama mahindi ya shangazi yako. Huwezi kukatiza katikati yake ukipiga selfi.

Kaskazini, Nungwi na Kendwa, ufukwe unashuka haraka kwenye kina, kwa hiyo maji hayaendi mbali. Huko unaweza kuogelea karibu saa zote. Kama kundi lenu lina siku moja tu na hamkuweza kuchagua tarehe, nendeni kaskazini.

Kuangalia matumbawe kwa miwani na bomba la kupumulia, kama kule kuzunguka Mnemba, kunafaa zaidi siku za maji mafu. Mkondo ni dhaifu na maji huwa safi zaidi kwa sababu hayajakoroga mchanga. Mnemba yenyewe ni kisiwa cha hoteli ya binafsi. Utakachokiona ni mwamba unaoizunguka, ambao uko ndani ya eneo la hifadhi tangu 2002. Kwa hiyo papasi akikuahidi "kushuka Mnemba" kwa bei ya mwanafunzi, muulize tena taratibu.

Yale mafungu ya mchanga mweupe yanayotokea katikati ya bahari, ambayo kila mtu anataka picha yake, huonekana maji yakikupwa na kupotea yakijaa. Hapo ile hesabu ya mafungu 12 inakuwa ya lazima, na boti isiwaache pale ikaenda kubeba kundi jingine.

Kisiwa cha Changuu, nusu saa hivi kwa boti kutoka Mji Mkongwe, hakitegemei sana maji. Jengo lake lilijengwa miaka ya 1890 liwe jela, likaishia kuwa karantini ya wasafiri. Kobe wakubwa walioko pale asili yao ni Aldabra, na wa kwanza waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919. Siku ya mvua au upepo, nendeni Jozani, msitu uliofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Kuna kima punju, nyani ambaye haishi popote duniani isipokuwa Zanzibar, na njia ya mbao ndani ya mikoko. Kwenye mikoko ile ile, maji yakijaa na yakikupwa utaona vitu viwili tofauti kabisa.

Na majira? Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi, kusi kuanzia katikati ya mwaka. Wakati wa kusi pwani ya mashariki inapigwa na upepo. Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka lakini mvua inaweza kula siku zenu zote. Likizo ikiangukia kati ya Oktoba na Februari na mna muda, fikirieni pia Mafia. Karibu na Kilindoni ndipo huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiyemdhuru mtu. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini.

Kataa baadhi ya vitu

Kuna mambo utauziwa ambayo ni vizuri kuyakataa, na sababu zake zinaeleweka. Kizimkazi watu huenda kutafuta pomboo. Tafiti zilizofanywa pale zimeonyesha kwamba boti nyingi zikiwafuata, pomboo hupunguza muda wa kupumzika. Pomboo asiyepumzika hanyonyeshi vizuri na hawindi vizuri. Mwambieni nahodha kabla ya kuondoka, si mkiwa majini: tunakaa mbali, hatukatizi mbele yao, na wakiondoka hatuwafukuzi. Mteja akisema mapema, nahodha anasikiliza, maana mara nyingi hufukuza kwa kudhani ndicho mnachotaka.

Vivyo hivyo kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota. Anapumua kwa maji. Kumtoa na kumpitisha mikononi mwa watu 20 kwa ajili ya picha ni kumbana pumzi. Matumbawe nayo ni viumbe hai: tawi lililovunjwa kwa kisigino lilichukua miaka kukua.

Wasiojua kuogelea

Hapa naomba tusiwe na aibu. Ukiuliza kwenye basi la chuo "nani hajui kuogelea?", mikono inayonyooka ni michache kuliko ukweli. Kwetu Saza mchimbaji hashuki kwenye duara bila kuhakikisha nani yuko juu na kamba imefungwa wapi, na hakuna anayemwita mwoga. Baharini tunafanya kinyume: mtu anaruka kwa sababu wenzake wameruka.

Orodha ya kamati ya safari iwe hivi. Jaketi okozi zihesabiwe kabla ya kupanda, moja kwa kila mtu, na kila mtu aivae, si kuikalia. Boti ikijaa kupita kiasi, nusu wabaki wasubiri safari ya pili. Kila asiyejua kuogelea awe na mwenzake anayemwangalia kwa jina. Msiogelee karibu na mianya ya mwamba maji yanapokupwa, maana ghuba nzima inatoka kupitia hapo. Mtu akichukuliwa na mkondo asipambane nao: aelee, ainue mkono, au aogelee kwa upande sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mkondo.

Kama mtu anaona haya ni makali, akumbuke MV Spice Islander I iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Akumbuke pia MV Skagit iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar, bahari ikiwa imechafuka. Upepo ukiwa mkali na safari ikaahirishwa, tusiwe wale wanaopiga kelele dirishani kudai waondoke.

Kwa nini nimeandika yote haya

Kwa sababu fedha za safari hizi ni za chakula cha muhula, na kwa sababu kuna jambo tunaweza kurudi nalo nyumbani. Jambiani na Kizimkazi, mtu anaingiza kipato kwa kujua saa ya maji ya kijijini kwake na kuieleza vizuri. Jozani, sehemu ya viingilio inarudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu. Songwe tuna Kimondo cha Mbozi, jiwe kubwa la chuma lililotoka angani. Tuna Rukwa yenye viboko na mamba, ziwa lisilo na mto unaotoka. Tuna maduara ya Lupa, yaliyoanza kuvuta watu tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Lakini mgeni akifika Saza leo, nani atamweleza?

Hilo ni la mjadala mwingine. Kwa sasa nina pendekezo moja kwa kamati itakayokaa muhula huu: kabla ya kuchangisha hata shilingi, wekeni kalenda ya mwezi mezani. Tukitaka mwani na pweza, tuchague bamvua. Tukitaka matumbawe, tuchague maji mafu. Tarehe ikishapatikana ndipo tuulize bei, kila mtu abebe kitambulisho cha taifa ili alipe kiingilio cha raia, na fomu ya majina iwe na safu moja ya ziada: anajua kuogelea, au hajui.