Lenzi ya Kamera ya Zamani na Picha za Nyota

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Arusha na vijiji vya Mlima Meru. Baada ya kusikiliza, someni ukurasa huu pamoja, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakifuata kwa macho.

MANENO YA SOMO LA LEO

Lenzi: vioo vya kamera vinavyokusanya nuru na kufanya picha.
Kihisi: kigae kidogo ndani ya kamera ya siku hizi kinachopokea nuru, mahali pa filamu.
Mdomo: sehemu bapa ya chuma ambapo lenzi hukutana na kamera.
Kiunganishi: pete ya chuma inayounga vitu viwili visivyolingana.

MTANGAZAJI: Mabibi na mabwana mlioko madarasani, hamjambo? Wasimamizi, tafadhali hakikisheni kila mtu ana daftari na kalamu. Leo tuna hesabu ya kutoa, nayo tutaitumia kwa kazi ya mikono. Mwalimu yupo, na pamoja naye yupo mama mmoja mwanafunzi wa kisomo, atakayeuliza kwa niaba yenu. Karibu, mwalimu.

MWALIMU: Ahsante. Wanafunzi, zamani wapiga picha wetu walitumia kamera za filamu. Siku hizi filamu ni adimu, na kamera nyingi za namna hiyo zimelala makabatini. Lakini lenzi yake, ikiwa haikuota kuvu wala kukwaruzwa, ingali nzima. Kioo hakijali kama nyuma yake pana filamu au pana kihisi.

Kuna kamera nyingine inayotengenezwa kwa ajili ya nyota. Ni ndogo, ya mviringo kama kopo, haina lenzi wala tundu la kuchungulia. Kazi yake ni kufungwa nyuma ya darubini, na picha yake hutokea katika kompyuta. Darubini nzuri ni ghali. Basi mtu, chama au shule yenye kamera ya nyota lakini haina darubini yaweza kutumia lenzi ya zamani badala yake. Somo letu ni namna ya kuziunga.

MWANAFUNZI: Mwalimu, kama vyote ni vya kamera, si nifunge tu kimoja juu ya kingine?

MWALIMU: Ungeweza kuvifunga kwa gundi, mama, na usione hata nyota moja vizuri. Kinachotakiwa ni umbali. Fanyeni jaribio hili mchana. Kaeni ndani ya chumba chenye giza, mbele ya dirisha linalotazama Mlima Meru. Shika lenzi peke yake, mbele yake ielekee mlimani. Zungusha pete yake mpaka alama ya mbali kabisa, ile iliyoandikwa kama tarakimu nane iliyolala. Kisha weka karatasi nyeupe nyuma ya lenzi, uisogeze polepole mbele na nyuma. Angalia jua lisiwe mbele ya lenzi hata kidogo.

(Kimya kifupi.)

MWANAFUNZI: Naona rangi tu, kama maji yaliyotibuliwa. Sasa, ah! Mlima huu hapa, lakini umesimama kichwa chini!

MWALIMU: Ndivyo lenzi zote zifanyavyo. Sasa sogeza karatasi mbele kidogo tu.

MWANAFUNZI: Umepotea.

MWALIMU: Basi umekwisha kujua siri yote. Nyuma ya lenzi pana mahali pamoja tu ambapo picha ya kitu cha mbali huwa kali. Mbele ya hapo ni ukungu, na nyuma ya hapo ni ukungu. Kwa lenzi uliyoshika, ambayo ni ya kamera ya Zenit ya Urusi ya Kisovieti, mahali hapo ni milimita 45.46 kutoka mdomo wake. Aliyetengeneza kamera aliweka filamu papo hapo, na katika nafasi ya katikati akaweka kioo cha kuchungulia. Kamera ya nyota haina kioo hicho, kwa hiyo ni fupi. Katika nyingi za siku hizi, kihisi kipo milimita 17.5 tu kutoka mdomo wa kamera. Tukiunga hivi hivi, kihisi kitakuwa karibu mno na lenzi. Hapana budi tujaze pengo kwa kiunganishi. Unene wake ni kiasi gani? Chukueni kalamu.

Umbali wa lenzi, toa umbali wa kamera, sawasawa na unene wa kiunganishi.

Andikeni jedwali hili:

Lenzi ya skrubu ya M42 (Zenit, Praktica): 45.46 − 17.5 = 27.96
Lenzi ya Nikon F: 46.5 − 17.5 = 29.0
Lenzi ya Canon EF: 44.0 − 17.5 = 26.5

Hesabu zote ni za milimita. Kabla ya kutoa, soma karatasi iliyokuja na kamera yako, maana si kamera zote zina 17.5.

MWANAFUNZI: Mwalimu, hiyo 27.96, fundi akinikerezea 28 kamili itadhuru? Tofauti yake hata kwa macho haionekani.

MWALIMU: Itadhuru. Nataka kila mmoja aelewe kwa nini, maana hapa ndipo watu hupoteza fedha zao. Pete ya lenzi ikizungushwa, lenzi husogea. Lakini ikifika alama ya mbali kabisa, kwa kawaida hugota. Kutoka hapo yaweza kusogea mbele tu, kwenda mbali na kihisi. Haiwezi kurudi nyuma. Basi kiunganishi kikiwa kinene mno, lenzi imekwisha kuwa mbali kupita kiasi, nayo haina njia ya kurudi. Utaona vizuri mti wa jirani, lakini nyota zitakuwa madoa usiku kucha. Kikiwa chembamba kidogo, wazungusha pete kidogo, lenzi yasogea mbele, mambo yametengenea.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii: katika kiunganishi, pungufu kidogo hurekebishika, zaidi haitengenezeki. Mwambie fundi akereze milimita 27.8. Ukiona pengo limezidi kuwa dogo, waweza kuongeza kipande chembamba cha bati kilichokatwa kama pete. Lakini usipunguze ovyo, kwa maana lenzi nyingine huharibu picha za pembeni zikikaa mbali na umbali wake.

MWANAFUNZI: Na nikitia kioo cha kuchuja nuru katikati?

MWALIMU: Vizuri umekumbuka. Kioo kilichowekwa kati ya lenzi na kihisi husogeza picha nyuma kwa kadiri ya theluthi ya unene wake. Kioo cha milimita 2 kitaongeza karibu milimita 0.7. Basi 27.96 itakuwa 28.66. Hapo tu ndipo unene unapoongezwa.

Sasa twende kwa fundi. Arusha ina mafundi wa mashine ya kukereza, na pia Chuo cha Ufundi Arusha. Mpelekee lenzi na kamera zenyewe, usimpelekee maneno matupu. Mwambie mambo manne.

Kwanza, nyuzi za skrubu. Lenzi ya M42 ina kipenyo cha milimita 42, na kutoka uzi hadi uzi ni milimita 1. Kamera nyingi za nyota nazo zina mdomo wa milimita 42, lakini kutoka uzi hadi uzi ni milimita 0.75. Ukizitazama utadhani ni ndugu pacha. Ukizilazimisha, zitaingia mzunguko mmoja hivi, kisha zikwame na kuharibu vyote viwili. Kiunganishi chako kiwe na nyuzi za 1 upande wa lenzi, na za 0.75 upande wa kamera.

Pili, nyuso mbili za pete ziwe sambamba. Upande mmoja ukiwa mnene kuliko wa pili, nyota za kushoto zitakuwa kali na za kulia zitakuwa na mikia.

Tatu, alumini yafaa, maana ni nyepesi wala haishiki kutu. Ndani ipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, nuru isirukeruke.

Nne, lenzi nzito ishikiliwe yenyewe kwenye stendi. Isining'inie kwenye kamera ndogo.

MWANAFUNZI: Je, lenzi yoyote itafaa?

MWALIMU: Chagua iliyo na pete ya kufungua na kufunga tundu la nuru kwa mkono. Lenzi nyingi za siku hizi, kama Canon EF, huendesha tundu hilo kwa umeme wa kamera yake. Ukizifunga kwenye kamera ya nyota, huwezi kulipunguza tundu bila kifaa maalumu. Na kupunguza ni lazima mara nyingi: nyota ni kipimo kikali, hufichua kila kasoro ya kioo. Lenzi iliyoandikwa 2, ifunge mpaka 4, nyota za pembezoni zitakuwa duara.

Sasa usiku umeingia. Twende wapi? Mji wa Arusha upo chini ya mlima, upande wa kusini, na taa zake hufifisha nyota. Tena miezi ya Juni mpaka Agosti mawingu hukaa sana upande huo. Upande wa magharibi na kaskazini, kama kule Oldonyo Sambu kwenye barabara ya Namanga, ni pakavu zaidi na taa ni chache. Omba ruhusa kwa wenyeji, wala usiende peke yako. Chukua koti, maana baridi ni kali, na umande hutua juu ya lenzi. Izungushie karatasi gumu mbele kama bomba fupi, umande utachelewa.

Usiiamini alama ya mbali kabisa kwa macho tu. Elekeza lenzi kwenye nyota kubwa, ikuze katika kompyuta, zungusha pete polepole mpaka nyota iwe ndogo kuliko vyote. Kisha funga pete kwa utepe wa gundi isisogee.

Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyota hutembea. Kama stendi yako haizunguki, kwa lenzi ya milimita 58 piga picha za sekunde 5 hivi, lakini piga nyingi. Programu ya kompyuta itazipanga juu kwa juu ziwe picha moja. Picha 100 za sekunde 5 ni sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Wenye stendi ya kuzunguka wajue kwamba huku kwetu Nyota ya Kaskazini haionekani, maana tupo kusini ya Ikweta, karibu nyuzi 3 na theluthi moja. Ncha ya kusini nayo iko chini sana, karibu na upeo wa macho. Hapana budi stendi ielekezwe kwa dira, kisha isahihishwe kwa kuangalia nyota zinavyohama.

MWANAFUNZI: Nianze na Mwezi?

MWALIMU: La, mama. Kwa lenzi hiyo Mwezi utakuwa nusu milimita tu juu ya kihisi. Lenzi fupi ni ya vitu vipana. Januari piga Kilimia, lile kundi la nyota ambalo jina lake latokana na kulima. Juni na Julai, mawingu yakiruhusu, piga moyo wa Njia Nyeupe. Kwetu hupita juu sana angani, ambapo watu wa Ulaya huuona chini karibu na upeo.

Wala msidhani hii ni michezo ya watoto. Huko Sutherland, Afrika Kusini, mradi wa WASP ulianza kazi mwaka 2006 kwa kamera 8 za nyota, kila moja ikiwa na lenzi ya Canon ya milimita 200. Pamoja na kituo chake cha La Palma, mradi huo umegundua zaidi ya sayari 100 zinazozunguka nyota nyingine. Katika Marekani, wataalamu van Dokkum na Abraham walifunga lenzi za Canon za milimita 400 pamoja, na mwaka 2015 wakatangaza magalaksi 47 hafifu ambayo darubini kubwa zilikuwa zimeyapita.

Neno la mwisho ni la usalama. Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, jua lilipopatwa na kuonekana kama pete huko Rujewa, watu waliambiwa wasilitazame bila miwani maalumu. Lenzi hukusanya nuru kuliko jicho. Usiielekeze kwenye jua, na mchana iache na kifuniko.

MTANGAZAJI: Ahsante, mwalimu, ahsante, mama. Madarasa, jibuni maswali haya katika daftari.

MASWALI

1. Lenzi ya Minolta ya zamani ina umbali wa milimita 43.5. Kamera yako ina 17.5. Kiunganishi kiwe na unene gani?
2. Ukitia kioo cha kuchuja chenye unene wa milimita 3, utaongeza kiasi gani?
3. Kwa nini kiunganishi kinene mno ni kibaya kuliko chembamba kidogo?
4. Skrubu mbili zina kipenyo cha milimita 42. Kwa nini zaweza kukataana?

KAZI YA MIKONO: Fanyeni jaribio la mlima na karatasi. Mmoja ashike lenzi, mwingine karatasi, wa tatu apime kwa rula kutoka mdomo wa lenzi mpaka kwenye karatasi. Andikeni kipimo ubaoni, mkilinganishe na kile cha jedwali.

Kwaherini mpaka somo lijalo.