Ngisi anayewasha taa ili asionekane

Kila mwaka kuanzia Machi, wavuvi wa Namerikawa, mji mdogo wa Japani ulio kando ya Ghuba ya Toyama, hutoka bandarini kabla ya alfajiri kwenda kuvuta nyavu zilizotegwa karibu na pwani. Nyavu zikianza kupanda, maji huwaka rangi ya samawati: maelfu ya ngisi, kila mmoja wa kuenea kiganjani, wanamulika kwa pamoja. Wenyeji humwita hotaruika, yaani ngisi kimulimuli. Jina lake la kisayansi, Watasenia scintillans, linamuenzi Shozaburo Watase, mwanazuolojia wa Kijapani aliyeuchunguza mwanga huo mwaka 1905.

Watalii humfuata kwa ajili ya uzuri huo, na ni uzuri wa kweli. Lakini anayemulika wavuni ni mnyama aliyeshtushwa. Katika maisha yake ya kila siku taa zile zina kazi iliyo kinyume kabisa, nayo ni kumficha.

Tuanze na mwili. Kiwiliwili cha jike kina urefu wa sentimita sita hivi. Dume ni mdogo kidogo. Wote wana mikono minane na minyiri miwili mirefu, yenye kulabu za kunasia kamba wadogo na samaki wachanga. Katika ncha za ile mikono miwili ya upande wa tumbo kuna taa kubwa tatu kila mmoja, zinazofunikwa na vidoa vyeusi vya ngozi. Vidoa vikijikunja, mwanga mkali unatoka ghafla, kisha unazimika. Chini ya kila jicho zimepangwa taa tano. Halafu kuna vitaa vidogo mno, mamia kwa mamia, vilivyotapakaa tumboni, chini ya kichwa na kwenye mikono.

Mgongoni taa ni haba sana, na hapo ndipo siri ilipo. Mchana ngisi huyu hukaa kwenye kina cha mita 200 hadi 400 au zaidi, ambako mwanga wa jua ni hafifu lakini haujakwisha. Samaki mwindaji aliye chini yake akitazama juu, angeona umbo jeusi dhidi ya weupe wa maji. Ngisi anawasha tumbo lake kwa kiasi kinacholingana na mwanga unaoshuka, na kivuli chake kinafutika. Taa za machoni nazo huenda zina sababu hiyohiyo: nyama ya ngisi inaweza kupitisha mwanga, lakini jicho haliwezi, kwa hiyo linahitaji taa zake lenyewe. Zile za ncha za mikono ni za wakati wa hatari. Inadhaniwa kwamba mmweko wake humduwaza adui, naye ngisi anachomoka gizani.

Mwanga huo anautengeneza mwenyewe kwa kemia ya mwili wake, bila kukodi bakteria kama wafanyavyo ngisi wengine kadhaa. Mwaka 1985 ilithibitishwa kwamba mmenyuko wake unahitaji ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, sawasawa na kimulimuli wa nchi kavu. Viumbe wa baharini wenye sifa hiyo ni wachache. Hata macho yake si ya kawaida. Ngisi na pweza wengi wana aina moja tu ya kemikali ya kuonea ndani ya retina. Huyu anazo tatu, na huenda zinamsaidia kutofautisha mwanga wa jua na mwanga wa viumbe.

Makazi yake ni Bahari ya Japani, Bahari ya Okhotsk na maji ya Pasifiki yanayoizunguka Japani. Kwa nini basi Toyama ndiyo iliyopata sifa? Jibu ni umbo la ardhi. Mkabala na ghuba hiyo imesimama milima ya Tateyama, yenye kilele cha mita 3,015, na mteremko wake unaendelea chini ya maji hadi kina cha zaidi ya mita 1,000, si mbali na ufuko. Jike anayepanda usiku kutaga mayai anajikuta karibu kabisa na nchi kavu. Wakati huo madume wamekwisha kufa. Jike amebeba mbegu zao shingoni tangu walipojamiiana. Naye hana muda mrefu: maisha yao yote ni mwaka mmoja. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, wengine husukumwa hadi mchangani na kufia hapo, ufuo ukimetameta.

Tangu 1952 serikali ya Japani imeutambua uso wa bahari wanakokusanyika kuwa hazina maalumu ya asili. Kilicholindwa ni mahali, si mnyama, na uvuvi unaendelea. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara, maana bila mteremko ule wasingefika karibu hivyo. 

Pwani yetu nayo ina ngisi mwenye taa, na wengi wetu tumemla bila kujua. Uroteuthis duvaucelii, anayepatikana kuanzia Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi Bahari ya Kusini ya China, ana viungo viwili vya mwanga juu ya kifuko cha wino, na ndani yake wanaishi bakteria wanaomulika. Walimu wa biolojia walio karibu na soko la samaki wanaweza kumleta darasani mzima, kabla hajasafishwa, wampasue upande wa tumbo taratibu. Taa hizo ni vidoa viwili, kimoja kila upande wa kifuko, na kisu cha haraka huviondoa pamoja na wino.